UZI: Cheti cha maabara bila mtiririko wa mto ni nusu ya habari. Tujifunze kukadiria mzigo wa uchafuzi, mfano Mto Mara

Mzee wa Geji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye kundi moja la WhatsApp la watu wa kanda ya ziwa mtu alirusha picha ya cheti cha maabara. Maji ya mto, fosforasi miligramu 0.1 kwa lita. Chini akaandika, "Mto wetu safi, wanaharakati tafuteni kazi." Haikupita nusu saa mwingine akaleta cheti cha kiangazi, mto uleule, daraja lilelile: 0.4. "Mara nne! Tunauawa kimyakimya!" Kundi likachafuka kuliko huo mto wenyewe.

Nikauliza swali moja: siku ya kila cheti, mto ulikuwa unapitisha maji kiasi gani? Kimya. Mmoja akanijibu kwa kicheko, mwingine akaniuliza kama nimelipwa. Nikaona nije huku kwenye watu wanaosoma kabla ya kujibu (natumaini).

Mimi si profesa. Nimefanya kazi ya vipimo vya mito kwa miaka 31, nilianza kama kijana wa kubeba fito na kamba, nikamaliza nikiwa fundi sanifu. Sasa nafuga kuku.

Tuchukue vile vyeti viwili. Tuseme kwa mfano tu kwamba siku ya kiangazi mto ulipitisha mita za ujazo 2 kwa sekunde, na siku ya masika 120. Sisi tunaita kumeki. Kumeki moja ni lita 1,000 kwa sekunde, yaani kama mtu anamwaga simtanki la lita elfu moja kila sekunde inayopita.

Hesabu ya mzigo ni hii, na ukiikariri hutadanganywa tena na cheti:

Ukolezi (miligramu kwa lita) × mtiririko (kumeki) × 86.4 = kilo kwa siku.

Hiyo 86.4 si uchawi. Siku ina sekunde 86,400. Miligramu moja kwa lita ni sawa na gramu moja kwa mita ya ujazo. Gawanya kwa 1,000 upate kilo. Basi.

Kiangazi: 0.4 × 2 × 86.4 = kilo 69 kwa siku.
Masika: 0.1 × 120 × 86.4 = kilo 1,037 kwa siku.

Umeona? Ule mto "safi" ndio uliokuwa unasomba fosforasi mara 15 zaidi kuelekea ziwani. Na wote wawili kule kwenye kundi walikuwa wanasema kweli, kila mmoja kipande chake. Mama anayechota maji ya kunywa pale darajani anaumizwa na ukolezi, maana yeye anakunywa lita na hanywi kumeki. Samaki wa hapohapo naye vivyo hivyo. Lakini ziwa halijui ukolezi wa siku moja, linapokea mzigo: kilo, tani, mwaka hadi mwaka. Magugumaji na ule mwani wa kijani yanalishwa na huo mzigo.

Nikipata chai nitaendelea na namna ya kupima mtiririko.

---

Sina Jipya

Naweka kiti hapa. Mzee usije ukaishia njiani kama nyuzi nyingine za humu.

---

BintiSerengeti

Shikamoo mzee. Mimi nasoma mwaka wa pili, mambo ya mazingira. Darasani tumefundishwa viwango vya miligramu kwa lita tu, hiyo 86.4 ndiyo naiona leo. Swali: mtiririko unapimwaje kama sina mashine? Kijijini kwetu kuna kijito kinaingia Mara, hakina kituo chochote.

---

Mzee wa Geji

Marahaba binti. Nitafika kwenye kijito chako. Kwanza niseme sisi tunavyofanya kwenye mto wenye kituo.

Pale mtoni kuna geji. Ni ule ubao wenye namba kama rula ya mwanafunzi, umesimamishwa majini. Msoma geji ni mwanakijiji wa pale, anasoma asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Geji inakupa KINA tu. Haikupi mtiririko. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanafikiri maji yakipanda mara mbili basi mtiririko umekuwa mara mbili. Hapana. Maji yakipanda, mto unapanuka, na mwendo unaongezeka. Kina kikiwa mara mbili, mtiririko unaweza kuwa mara nne, mara sita, inategemea umbo la mto.

Kwa hiyo mara kadhaa kwa mwaka tunakwenda na karenti mita, kile kidude chenye panga dogo linalozunguka majini. Tunavuta kamba toka ukingo hadi ukingo, tunaugawa mto vipande 20 au zaidi. Kila kipande unapima kina, halafu unateremsha kidude. Kama maji si marefu unapima mwendo kwenye sehemu 0.6 ya kina ukihesabu toka juu, kwa sababu hapo ndipo mwendo unakaribia wastani wa mstari mzima. Kama ni marefu unapima 0.2 na 0.8 kisha unachukua wastani wake. Upana mara kina mara mwendo, kipande kwa kipande, jumlisha. Huo ndio mtiririko wa saa hiyo.

Ukishafanya hivyo mara 15, 20, maji madogo na makubwa, unachora kina upande mmoja na mtiririko upande mwingine. Alama zinajipanga kwenye mkunjo. Kuanzia hapo msoma geji akikwambia "mita 1.42" wewe unaangalia mkunjo na kusema "kumeki kadhaa".

Sasa siri za jikoni. Ya kwanza, mkunjo unakufa. Mafuriko yakipita yanachimba mchanga wa chini au yanaurundika, na watu wa lori nao wanachota mchanga wa kujengea. Kina kilekile, mtiririko tofauti. Nimewahi kukuta kituo kinatumia mkunjo wa miaka tisa nyuma wakati mto umeshuka karibu nusu mita chini ya geji. Miaka tisa ya takwimu, zote zina ugonjwa.

Ya pili, hakuna anayepima mafuriko makubwa. Kipimo kikubwa kabisa mlicho nacho ni, tuseme, kumeki 60, kwa sababu zaidi ya hapo mtumbwi unapinduka na bosi hataki msiba. Lakini mkunjo unanyooshwa kwa penseli hadi 400. Sehemu ya juu ni makisio ya mtu aliyekaa ofisini. Na ndiyo sehemu inayobeba karibu mzigo wote, nitaeleza.

Ya tatu inachekesha. Kuna msoma geji mmoja, sitaji kituo, daftari lake lilikuwa safi mno. Wiki tatu za mwezi wa nne, kina kinashuka sentimita mbili kila siku, kama ngazi. Mvua ile ilikuwa inabomoa madaraja. Nikamuuliza, akasema kwa upole, "Mzee, nilikuwa na harusi ya mdogo wangu, nikazijaza zote siku moja." Simlaumu sana, posho yake ilikuwa haijafika miezi saba.

---

Mvuvi wa Kirumi

Mzee umenigusa. Mimi navua karibu na daraja la Kirumi. Machi 2022 nilikuwepo, maji yalikuwa meusi kama oili chafu, samaki wanaelea tumbo juu, harufu usiseme. Serikali ikaunda kamati, ikaja na jibu kwamba ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Watu wakacheka nchi nzima. Wewe kwa hiyo hesabu yako unasemaje? Ng'ombe wanaweza kuua mto?

---

Sina Jipya

Hapo sasa! Ng'ombe wapo tangu enzi za mababu, wanakunywa na kunya mtoni kila siku, samaki hawakufa. Wengine tunajua mgodi wa dhahabu uko wapi. Tusizungushane na 86.4.

---

Mzee wa Geji

Nilijua tutafika huku. Nitajibu kwa uangalifu maana sikuwa kwenye kamati wala sina maslahi.

Sina Jipya, hoja yako ya mababu ni nzuri nusu. Kweli kinyesi kipo siku zote. Ila nimesema mzigo ni vitu viwili vinavyozidishwa, na kimoja kinabadilika usiku mmoja. Hebu twende juu ya mto, upande wa Kenya, kwenye hifadhi ya Maasai Mara. Kuna watafiti walikaa pale miaka wakihesabu viboko. Viboko zaidi ya 4,000, wanakula nyasi usiku nchi kavu, mchana wanaingia majini na kunya humo. Walikadiria kilo 8,500 za mabaki ya majani kwa siku moja, yote ndani ya maji. Wakati mto umepungua, uchafu huo unatulia kwenye madimbwi ya viboko, maji ya chini yanabaki bila oksijeni. Siku mvua inanyesha kule juu, mafuriko ya kwanza yanapiga yale madimbwi, yanazoa kila kitu kwa mkupuo. Waliona oksijeni inashuka chini ya miligramu 2 kwa lita na samaki wakifa huko chini, tena zaidi ya mara moja. Matokeo yalichapishwa 2018.

Usisahau nyumbu. Watafiti haohao walikadiria kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 wanafia mtoni kila mwaka wakivuka. Ni zaidi ya tani 1,000 za mizoga.

Kwa hiyo kwamba kinyesi na vitu vilivyooza VINAWEZA kuua samaki wa Mto Mara, hilo halina kicheko, limeshapimwa. Lakini "vinaweza" siyo "ndivyo vilivyoua". Na eneo la Kirumi liko chini ya kinamasi kikubwa cha mafunjo, ambacho kina tabia zake. Ili uamue kuhusu siku fulani unahitaji: mtiririko wa siku zile kwenye kituo cha juu (Mara Mines, 5H2 kwenye vitabu vyetu), sampuli za oksijeni kutoka juu hadi chini, na sampuli za metali kama unashuku mgodi, zilizochotwa wakati maji meusi yanapita na siyo wiki mbili baadaye. Ndipo unauliza: uchafu wa aina hii ulikuwa kilo ngapi, umetoka kilomita za mraba zipi, umepita kwa saa ngapi? Huku mitandaoni tulibishana mwezi mzima, na sikumbuki kuona mtu hata mmoja akiandika namba ya kumeki. Wa ng'ombe na wa mgodi, wote.

---

Mvuvi wa Kirumi

Hilo la mvua ya kwanza wazee wetu wanalijua. Baada ya kiangazi kirefu, maji ya kwanza hatuwekei nyavu. Wanasema mto unajisafisha koo.

---

Maabara Boy

Mzee amesema ukweli kuhusu sampuli. Mimi niko upande wa maabara. Watu wa mtoni wanatuletea chupa kwa gari siku ya tatu, imepigwa jua, halafu wanataka oksijeni. Oksijeni inapimwa mtoni palepale kwa kifaa cha mkononi! Na chupa haina hata kina cha geji kwenye lebo. Nikiuliza, "mto ulikuwaje?" najibiwa "ulikuwa kawaida".

Jambo jingine: angalieni tarehe za sampuli zetu. Karibu zote ni Juni hadi Septemba na Januari. Kwa nini? Barabara. Masika gari halifiki.

---

Mzee wa Geji

Maabara Boy, Mungu akubariki, umenipa njia ya kuingia kwenye moyo wa uzi huu.

Chukulia tope sasa, mashapo yanayoelea. Tena namba za mfano. Siku ya kiangazi: miligramu 40 kwa lita, kumeki 5. Mzigo ni tani 17 na kidogo kwa siku. Siku ya mafuriko: miligramu 1,500, kumeki 200. Piga mwenyewe: tani 25,920. Siku MOJA ya mafuriko ni sawa na siku 1,500 za kiangazi. Miaka minne na ushee!

Kwa tope vitu vyote viwili vinapanda pamoja, ndiyo maana namba zinaruka hivyo. Ile fosforasi ya mwanzo ilipungua ukolezi kwa sababu mfano wangu ulichanganya uchafu wa mvua na maji taka ya mji, ambayo yanazimuliwa mto ukijaa. Ila fosforasi nyingi ya mashambani inasafiri imeng'ang'ania chembe za udongo, kwa hiyo nayo hupanda na tope. Ukichora ukolezi dhidi ya mtiririko, mkunjo wenyewe unakunong'oneza mchafuzi ni nani. Ukishuka mto ukijaa, kuna bomba mahali linatiririsha kiasi kilekile mvua inyeshe isinyeshe. Ukipanda, uchafu unaoshwa kutoka ardhini. Nimeshamwona mtaalamu mmoja akikataa kabisa kwamba kuna mtaro wa siri, hadi tulipochora karatasi moja.

Sasa ukichota mara moja kwa mwezi, una siku 12 kati ya 365, na zote za barabara kavu. Ukichukua wastani wa ukolezi huo ukazidisha na maji ya mwaka, umepata namba nzuri yenye desimali mbili, ya uongo. Nimeona ripoti za namna hiyo zikipigiwa makofi. Siku ya Mara, ile ya kuuadhimisha mto huu, tarehe 15 Septemba, kila mwaka kuna hotuba, lakini mto mwenyewe mwezi huo hautoi habari kama Aprili.

---

Bomet Yangu

Habari zenu majirani. Mimi niko Bomet, huku Kenya, karibu na daraja la Nyangores. Nafuatilia kwa makini sana. Sisi huku tunalaumiwa kila siku: eti msitu wa Mau umekatwa, wakulima wa Bomet na Narok wanajaza tope mto mpaka Tanzania. Maafisa wakija ni kutusomea sisi tu. Hiyo hesabu ya mzigo inasema aje?

---

Mzee wa Geji

Karibu jirani. Inasema jambo ambalo hutalisikia kwenye mikutano.

Bonde la Mara ni kama kilomita za mraba 13,750, theluthi mbili hivi kwenu, iliyobaki kwetu. Nyangores na Amala zinatoka Mau zinaungana, halafu chini kwenye mbuga inaingia Talek na mingine. Kuna timu iliweka vifaa vya kusoma kina na ukungu wa maji (yaani tope linavyoyafanya yasionyeshe) mfululizo, sehemu mbili: moja baada ya maji ya Mau kukusanyika, nyingine chini zaidi. Kwa kuwa walikuwa na mtiririko na tope kila baada ya muda mfupi, usiku na mchana, waliweza kutoa mzigo wa chini wakaondoa mzigo wa juu. Wakaona theluthi mbili ya tope inatoka eneo la kati pamoja na Talek. Tambarare, kukavu, mvua kidogo, ng'ombe na wanyamapori wengi. Siyo milimani!

Sisemi Mau iko salama. Theluthi moja nayo ni tope jingi. Lakini angalia: kama wangetumia macho tu, au chupa ya mwezi, lawama yote ingebaki kwako. Talek ni mto wa hasira, siku nyingi ni kijito cha kuruka, mvua ikipiga unashuka kama ukuta na kesho umenyamaza. Chupa ya mwezi haiwezi kuukamata. Ukungu wake siku hiyo unapanda mbali sana, wakati maji ya kunywa tunataka chini ya 5 kwa NTU, kipimo cha ukungu.

---

Bomet Yangu

Wueh. Hii nitaipeleka kwa chama chetu cha watumiaji maji. Asante mzee, umetuondolea theluthi mbili ya kesi.

---

Sina Jipya

Sawa mzee, nakubali kidogo. Lakini siku hizi kuna satelaiti na modeli za kompyuta. Kwa nini tuendelee na mambo ya kamba na fito? Na hiyo ya kuchota kila saa, nani ana hela?

---

Mzee wa Geji

Modeli zipo na mimi sizichukii. Ile ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, SWAT, imeshatumiwa Mara mara nyingi. Unaipa udongo, mteremko, matumizi ya ardhi na mvua, inakutolea mtiririko na tope kila siku. Mvua ya satelaiti unaipata bure toka 1981. Lakini modeli ni kama fundi cherehani, anahitaji vipimo vya mwili wako. Vipimo hivyo ni mtiririko uliopimwa kwa kamba na fito. Ukimpa vya kubuni atakushonea suti ya mtu mwingine, tena kwa ustadi mkubwa.

Kuhusu hela, ujanja upo. Mtiririko tunao kila siku kutoka geji, ukolezi tunao siku chache. Basi unatafuta uhusiano: kila chupa iandikiwe kina, chora ukolezi dhidi ya mtiririko kwenye karatasi ya logi (ya logariti, ambapo 1, 10, 100 na 1,000 zinapishana hatua sawa), pitisha mstari, halafu tumia mstari huo kukisia ukolezi wa siku ambazo hukuchota. Ukiwa na chupa 30 zilizosambaa vizuri, maji madogo na makubwa, unaenda mbali.

Mtego uko hapa, na hata wasomi unawanasa. Ukifanya hesabu kwenye logi halafu ukarudi kwenye namba za kawaida, unapata jibu dogo kuliko ukweli. Mfano: chupa mbili, moja 10 na nyingine 1,000. Wastani wa kweli ni 505. Wastani kwa njia ya logi ni 100! Miaka ya 1980 watu waliligundua kwenye tope la mito wakaona makadirio yanaweza kupungua hadi nusu. Kuna namba ya kusahihisha, inatokana na jinsi chupa zako zilivyotawanyika kuzunguka mstari. Ukiletewa ripoti ya mzigo iliyotumia mstari wa logi, uliza kwanza kama walisahihisha. Utaona nyuso.

Mtego wa pili: mara nyingi mafuriko yakipanda yana tope zaidi kuliko yakishuka, hata kama kina ni kilekile. Maji ya kwanza yanafagia ua, ya mwisho yanapita pameshafagiliwa. Ukichota wakati wa kushuka tu (kwa sababu ndipo umefika, barabara tena), utapunguza. Ukichota wakati wa kupanda tu, utazidisha. Chota pande zote mbili.

Binti, zamu yako. Kijito kisicho na kituo. Njia ya uvivu ni kulinganisha maeneo: kama kidakio cha kijito (eneo lote ambalo mvua yake inakiingia) ni sehemu moja ya ishirini ya kidakio chenye kituo, na mvua na udongo vinafanana, gawanya mtiririko kwa ishirini. Kwa wastani wa mwaka si mbaya, kwa siku ya mafuriko ni bahati nasibu. Njia ya kweli ni chungwa.

Tafuta sehemu iliyonyooka, pima mita 20 kando ya maji. Pima upana na kina sehemu tano sita. Rusha chungwa katikati, juu kidogo ya mwanzo, hesabu sekunde. Chungwa ni zuri kwa sababu linazama karibu lote, upepo haulisumbui, na likipotea hujapoteza kitu. Rudia mara nyingi. Maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha mwendo kwa 0.85, au kasoro kidogo kama chini kuna mawe.

Ukipima lete hapa tukuchekie.

---

Mkulima wa Nyanya

Nimesoma yote. Swali la pembeni: mimi naweka mbolea mara mbili kwa msimu, niko mita 15 toka mtoni. Kumbe nachangia?

---

Mzee wa Geji

Unachangia, na unapoteza hela yako pia. Usiweke siku ambayo wingu limeshakaa. Halafu sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ukingo, sitakuripoti.

---

BintiSerengeti

Mzee nimerudi. Jumamosi nilikwenda na wadogo zangu. Upana mita 4, kina wastani mita 0.35. Mita 20, machungwa manne: sekunde 38, 41, 36, 55. Wastani 42.5, mwendo 0.47, mtiririko kumeki 0.66. Nilichuja lita moja kwa karatasi ya maabara ya shule, nikakausha, tope gramu 0.09. Kwa hiyo 90 × 0.66 × 86.4 = tani 5.1 kwa siku. Kijito kidogo hivi tani tano? Nimekosea wapi?

---

Mzee wa Geji

Umenifurahisha. Hilo la sekunde 55 lilinasa wapi?

---

BintiSerengeti

Haha, kwenye majani ya ukingoni. Mdogo wangu akalisukuma kwa fimbo.

---

Mzee wa Geji

Basi hilo mlile. Chungwa lililonasa halipimi maji. Yaliyobaki matatu: wastani 38.3, mwendo 0.52, mara 0.85 ni 0.44. Zidisha na eneo la 1.4 unapata kumeki 0.62. Mzigo tani 4.8. Hukukosea sana, makosa yako mawili yalivutana, moja kulia moja kushoto. Usilizoee hilo. Na ndiyo, kijito kidogo kinaweza kubeba tani tano kwa siku. Ila jihadhari na karatasi ya shule, pima uzito wake ikiwa kavu kabla na baada.

Sasa simamisha fito yenye alama za sentimita pale darajani, ndiyo geji yako. Andika kina cha leo. Halafu subiri mvua.

---

BintiSerengeti

Mzee, leo imenyesha tangu saa nane usiku. Niko darajani toka saa kumi na moja alfajiri, mwavuli umepinduka. Fito inasoma 81, juzi ilikuwa 35. Nina chupa sita, nachota kila nusu saa. Ya kwanza ni nyekundu kama matofali.

---

Mzee wa Geji

Usiingie majini! Andika saa na kina kwenye kila chupa. Na usiondoke maji yakianza kushuka.

---

Maabara Boy

Zilete kwangu leoleo, nakuchujia bure. Usizipitishe juani.

---

BintiSerengeti

Sawa kaka. Fito 88 sasa. Bado yanapanda.